Mabenchi Manne Uliyoyaunga Mwenyewe

Skola mama,

Hali yako siulizi. Nimekuona hapo kabla ukicheka na mama yako mkitoka kwenda kuwaaga shangazi zako, umevaa lile sweta la kijani lililoanza kufumuka kola, nikajua u mzima. Wa kuulizwa hali leo ni mimi. Tangu mchana nimekaa hapa karakana, upepo wa Julai unayapiga mabati kama una ugomvi nayo, na karatasi hii ni ya tatu. Mbili za kwanza nimezitia kwenye jiko la mkaa.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako ameshakuambia ukae upande gani wa basi, usipokee chakula cha mtu usiyemjua, na hela uifiche wapi. Nikiongeza yangu nitakuwa napiga porojo ili nikwepe ninachotaka kusema, na kukwepa ni kazi niliyoizoea kuliko hii ya useremala. Ninachotaka kusema ni habari ya yale mabenchi ya Wampembe. Unaondoka kesho kwenda Arusha ukiamini kwamba mchoro wako ndio uliomvunja mkono Bibi Yustina. Si kweli. Mchoro wako haukuwa na kosa. Kosa ni langu, na nimelijua tangu siku ya kwanza. Nimeyaandika haya mapema ili hata nikiishiwa ujasiri huko mbele yawe yameshakaa kwenye karatasi.

Sasa ngoja nieleze vizuri, maana hilo nililolisema ni nusu tu, tena nusu ndogo.

Uliporudi kutoka chuoni Mbeya na ile mashine yako juu ya Fuso, imefungwa mablanketi kama mgonjwa, nilikuchekea usoni na moyoni nikaogopa. Uliniambia mmeiunganisha wenyewe, wewe na wenzako, kama kazi yenu ya mwisho. Unachora kitu kwenye kompyuta, yenyewe inakata. Ukaandika mlangoni kwa rangi nyeupe, STUDIO YA SAMANI, na wiki ileile vijana wa kwaya wakaja na gitaa kuuliza kurekodi wimbo mmoja ni bei gani. Lo, tulicheka siku ile! Mama yako alitoka jikoni na mwiko mkononi akidhani tumepatwa na wazimu.

Lakini siku ulipoiwasha, sikucheka. Ile biti, jino lake la kukatia, ilizunguka, unga wa mbao ukaruka, na kiti kizima kikatoka kwenye ubao vipande vipande, kila kipande na ulimi wake au tundu lake la kuingiliana na mwenzake, bila msumari hata mmoja. Nikasema naenda dukani kununua vocha. Sikununua vocha yoyote. Nilikwenda kusimama nyuma ya choo. Miaka thelathini nimeifundisha mikono hii kuchimba tundu kwa patasi, na wewe ulichimba matundu arobaini wakati mimi bado natafuta miwani. Nilikuonea wivu, Skola. Nilikuwa sijui kwamba baba anaweza kumwonea wivu mtoto wake wa kumzaa. Anaweza, tena wivu wa kuuma.

Huo wivu nautaja kwa sababu bila huo hutaelewa nilichofanya.

Wale wa kigango cha kule ufukweni Wampembe walipoagiza mabenchi ishirini, ulichora wiki nzima. Ulikata yote. Alhamisi ukaunga manne mbele yangu kwa nyundo ya mbao, polepole, unapiga upande huu, unapiga upande ule, sikio limeinama unasikiliza. Ukaniambia, "Baba, hizi ndimi zinabana makusudi. Huku juu ni kukavu. Zikifika ziwani zitavuta unyevu, zitavimba kidogo, na hapo ndipo zitakaa kabisa. Ulimi ukikataa kuingia usiulazimishe wala usiuguse. Uache, nitakuja." Nikakujibu, sawa mama. Ijumaa ukaenda Tunduma kutafuta biti badala ya ile iliyokatika.

Jumamosi asubuhi dereva wa Fuso akanipigia. Gari lililokuwa lishuke Wampembe Jumatano sasa linashuka Jumapili. Ningeweza kumwambia asubiri. Ningeweza kukupigia wewe. Nikasema, ala, mimi ni fundi au ni mlinzi wa karakana? Nikaanza kuunga. Ulimi wa kwanza ukakataa. Nikaupiga, ukachanika kidogo kwenye ncha. Nikasema kwa sauti, peke yangu humu ndani, "Mtoto huyu na kompyuta yake!" Nikachukua randa.

Niliziranda ndimi zote za mabenchi kumi na sita. Moja baada ya nyingine, mpaka zikawa zinaingia kwa kusukumwa na kidole gumba. Pale palipobaki uwazi nikafanya kama mafundi wote wa mjini hapa tunavyofanya: nikachanganya gundi na unga wa mbao, nikaziba, nikapitisha msasa juu. Yalipendeza. Ungeyatazama usingejua lolote. Na nikuambie jambo la aibu kuliko hilo: nilifurahi. Nilikunywa chai nikiyaangalia, nikajisifu kwamba mashine imeshindwa na mkono wa mzee umeokoa kazi.

Uliporudi uliniuliza, "Zote ziliingia, baba?" Nikasema zote. Na kweli, ziliingia.

Sasa hapa unaweza kuniuliza kwa nini sikusema siku ile. Sikuona kama kuna cha kusema. Ndivyo nilivyofanya kazi maisha yangu yote. Kabla hujazaliwa nilimtengenezea mfanyabiashara mmoja wa Kirando, kule ziwani, kitanda cha mninga. Nilimwapia kwamba mbao ni kavu, nikijua zina wiki tatu tu tangu zipasuliwe. Baada ya miezi michache yule bwana akapanda huku juu na mguu wa kitanda begani, umepinda huo, akaja nao hadi mlangoni mwangu. Nikautazama, nikatikisa kichwa kwa huruma, nikamwambia, "Ndugu yangu, ni joto la huko chini." Mtu wa watu akakubali. Akanunua na stuli.

Unalijua neno hilo, umekua ukilisikia. Sisi mafundi wa huku juu, kabati likikataa kufungwa Kirando, meza ikichanika Wampembe, jibu letu ni moja: joto la huko chini. Tunalisingizia ziwa, nalo ziwa halina mdomo. Nimelitumia neno hilo mara nyingi mpaka nikaliamini, kwamba mimi sijawahi kukosea, ni hewa tu.

Ndiyo maana Jumapili ile ya Majilio katekista alipopiga simu, lilikuwa tayari mdomoni. Wewe uliweka simu sauti ya juu, tukamsikia wote. Benchi limekunjika katikati ya misa, akina mama watatu wameanguka, Bibi Yustina kalalia mkono wake na umevunjika. Mimi nikawahi, "Katekista, pole sana, unajua ni joto la huko chini." Wewe ukanikata. Hukuwahi kunikata maneno mbele ya mtu. Ukasema, "Hapana baba. Joto nililihesabu kwenye mchoro. Kama limeanguka, basi nimekosea mimi."

Hapo, Skola. Hapo ndipo ilikuwa zamu yangu. Randa ilikuwa mezani, mkono wangu ulikuwa juu yake. Katekista alikuwa anasubiri, wewe ulikuwa umefumba macho, na mimi nilihesabu moyoni: nikisema sasa, huyu binti atajua kwamba baba yake aliharibu kazi yake kwa wivu. Nikakushika bega nikasema, "Yatapita, mama." Ukanishukuru. Ulinishukuru!

Baada ya hapo ukakaa na ile kompyuta siku tatu. Ulipitia kila namba. Nilikuletea uji wa ulezi ukapoa palepale. Siku ya tatu ukaifunga ukaniambia: "Baba, nimetafuta kosa sijaliona. Sasa kama nimemvunja mtu mkono na hata nikitafuta sioni nilipokosea, basi mimi sina jicho la kazi hii." Mwanangu, hukuliona kwa sababu halikuwepo. Jicho lako lilikuwa zima. Ulikuwa unatafuta kwenye mchoro kitu kilichokuwa mkononi mwangu, nami nimekaa hatua mbili kutoka kwako, nanoa patasi isiyohitaji kunolewa.

Nataka niishie hapo. Ningeishia hapo ungeweza kusema baba aliogopa, basi, binadamu. Lakini kuna lingine.

Ulitaka kushuka nami kwenda kuyatazama mabenchi. Nikakuzuia. Nilikwambia, "Usije, watu wana hasira, watakusema vibaya." Uongo mtupu. Wale watu wala hawakuwa na hasira, walikuwa wameandaa samaki. Nilikuzuia kwa sababu nilijua utakachokiona. Niliteremka peke yangu, nikayakuta yote ishirini nje, yamepangwa ukutani, hakuna anayethubutu kuyakalia. Nikayatikisa moja moja. Yale kumi na sita yangu yalicheza kama meno ya mzee, gundi imelainika, unga wa mbao unadondoka. Yale manne uliyoyaunga wewe hayakutikisika. Nilikaa juu yake. Niliruka juu yake, mtu mzima mimi, katekista ananitazama. Hayakulia hata kidogo. Yalikuwa yamevimba kidogo tu na kujibana, kama ulivyosema.

Nikafungua mfuko wa misumari. Niliyapigilia yote ishirini. Ndiyo, na yale manne. Hayakuhitaji msumari hata mmoja, niliyapigilia ili yafanane na mengine. Na zile namba ulizoandika chini kwa penseli, moja mpaka nne, nilizifuta kwa msasa. Nilirudi nyumbani nikakwambia, "Nimeyarekebisha yote, tatizo lilikuwa lilelile kila mahali." Ukaitikia kwa kichwa. Kesho yake ukaifunika mashine turubai, na hujaifunua tena.

Kuanguka kwa lile benchi naweza kukuomba unisamehe. Hilo la misumari sijui hata nikuombe kwa maneno gani.

Mama yako anajua tangu Pasaka. Nilidhani ukimwambia mtu mmoja mzigo unapungua. Akasema, "Mimi sikusemei. Mdomo unao. Ila mtoto asipande basi na uongo wako." Kila wiki ananitazama, nami nasema bado. Hao shangazi wangeweza kuagwa jana au juzi. Amekutoa nyumbani makusudi ili mimi nikae na karatasi.

Kilichonifikisha hapa hasa si mama yako. Ni simu yako ya juzi. Ulikuwa uani unaanua nguo, hukujua niko dirishani. Ulikuwa unaongea na yule dada wa studio ya Arusha, aliyeona michoro yako ya chuoni akakuita ukachore naye. Nikakusikia, "Dada, mimi naomba uniweke kwenye msasa na vanishi. Kuchora nimeacha." Ukacheka kidogo, kile kicheko chako cha kujishusha. Nilikaa chini kwenye sakafu. Nimewalea watoto wanne, sijawahi kusikia kitu kikaniogopesha hivyo. Nikakuona una miaka hamsini, bado unasugua mbao alizochora mtu mwingine, na kila ukipita mbele ya kompyuta unageuza uso, kwa ajili ya asubuhi moja ya Jumamosi ambayo wewe hata hukuwepo.

Mawaidha sina haki ya kukupa. Naweza kukwambia tu niliyoyaona. Huko uendako kutakuwa na mafundi wa umri wangu. Watakuita mama, watakusifia, na ukigeuka watashika randa. Usiwachukie, wengine wanaogopa tu kwamba siku zao zimekwisha. Lakini usiondoke. Simama nao mpaka ulimi wa mwisho uingie, na mtu akikwambia zote zimeingia, muulize zimeingiaje. Mimi hukuniuliza, kwa kuwa uliniamini. Nilianza kuandika hapa kwamba pengine nawe ungenieleza zaidi kwa nini zinabana, nikaikata sentensi, unaona hapo wino. Ulinieleza vizuri kabisa. Nimezoea kuegemeza kosa mahali, hata kwenye barua ya kuungama.

Na wewe nawe utakosea, kosa lako la kweli, hakuna fundi asiyekosea. Siku hiyo sema kabla hamjala. Ningesema Jumapili ile ungenifokea, tungeshuka wote wawili, ungeyaona manne yako yamesimama, na Krismasi ingekuta tumeshayarudia yale kumi na sita. Nilikwepa aibu ya mchana mmoja, nikailipia miezi saba. Hapana, ulilipa wewe. Mimi nilikuwa nakula na kulala.

Kesho ukipanda basi, mimi napanda Fuso ya Wampembe. Sijakwenda kule tangu siku ya misumari. Nitampa Bibi Yustina shikamoo yangu na nitamwambia ni mimi. Mkono wake uliunga vibaya, nimesikia siku hizi dagaa anaanikiwa na mjukuu. Sijui atanijibu nini, na sijui katekista atanitangazaje. Nachukua koleo. Misumari ya yale manne nitaing'oa mwenyewe, mashimo yatabaki, nitawaambia watu wasiyazibe. Yale yangu nitayarudisha huku juu.

Yule dada wa Arusha ana simu, nawe una mdomo. Ukitaka umwambie msasa ampe mwingine. Siwezi kukuamuru. Nimepoteza haki ya kukuamuru jambo lolote la kazi, labda na la nyumbani. Ila nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu: usimwachishe kuchora huyo binti niliyemdanganya. Hakufanya kosa lolote.

Nilikuwa nimepanga kuipenyeza barua hii kwenye begi lako, katikati ya nguo, uikute ukiwa umeshapita Mbeya, mahali ambapo siwezi kukuona wala wewe kuniuliza. Nilikwisha hata kuukunja mguu wa suruali yako wa kuifichia. Kisha nikajiona, mzee mzima, napanga kumkimbia mtoto wangu kwa mara ya tatu. Kwa hiyo nitakupa leo, mkirudi tu, kabla ya ugali kuwekwa mezani. Nitakuomba uisome mbele yangu na sitatoka kwenda dukani.

Basi, kama umefika hapa, mimi nimekaa upande wa pili wa meza na mama yako yuko jikoni anajifanya anachochea moto. Nimeinamisha kichwa, siuoni uso wako. Ukinifokea nitavumilia. Ukiinuka ukaenda kulala bila kula nitakaa hapahapa. Ukinyamaza tu ukaikunja karatasi, hapo ndipo sijui nitafanya nini. Nina hofu, Skola. Sema neno.

Baba